Jinsi ya kupanga orodha mbili za viwanja vya gofu: vya kurudia na vya ndoto

Mchezaji gofu yeyote, hata yule ambaye hajamaliza mwaka tangu aliposhika fimbo kwa mara ya kwanza, hubeba kichwani orodha mbili za viwanja. Ya kwanza ni ya viwanja alivyokwisha kuvikanyaga na ambavyo angevirudia hata kesho alfajiri. Ya pili ni ya viwanja alivyoviona kwenye televisheni au kusimuliwa, akajiapiza kwamba siku moja naye atasimama pale. Kwa kawaida orodha ya kwanza huachwa ijiandike yenyewe, na ya pili hunakiliwa kutoka kwa watu wengine, yaani zile orodha za viwanja mia bora duniani ambavyo wengi wetu hatutavifikia hata kumi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuziandika zote mbili kwa makusudi, na unasimama juu ya maswali mawili tu: ni mkwaju gani hasa unaotaka kuupiga, na je, mlango wa uwanja huo uko wazi kwako?

Anza na vya kurudia

Usiku wa siku uliyocheza, kabla ya kulala na bila kutazama kadi ya alama, pita mashimo yote 18 kichwani kwa mfuatano wake. Uwanja unaostahili kuingia katika orodha ya kurudia hukumbukika shimo kwa shimo: unakumbuka ulisimama wapi, upepo ulitoka upande gani, na uliogopa nini. Ukifika shimo la 6 ukalichanganya na la 4, na la 11 likakupotea kabisa, hilo ni jambo la kuandika. Usiharakishe kuuhukumu uwanja, kwa maana huenda ulikuwa umechoka au ulikuwa unapiga vibaya mno kiasi cha kutoona chochote isipokuwa nyasi ndefu; lakini kama jambo hilohilo likitokea mara mbili, basi kosa si lako.

Baada ya hapo tazama yale mashimo mafupi, ambayo aghalabu huwa manne na yanatarajiwa kumalizwa kwa mikwaju mitatu. Je, yanaelekea pande tofauti ili upepo uyaguse kila moja kwa namna yake, au yote manne hukudai fimbo ileile na mkwaju uleule? Mbunifu aliyeyapanga mashimo haya kwa uangalifu kwa kawaida hakuwa mvivu kwingineko. Pima pia mwendo wa miguu kutoka griini, yaani eneo la nyasi laini lenye shimo, hadi tii inayofuata, yaani mahali pa kupigia mkwaju wa kwanza. Viwanja vya zamani vilibuniwa kwa watu waliotembea, kwa hiyo ukimaliza kusukuma mpira shimoni unageuka tu na kuiona tii. Viwanja vingi vya baadaye vilitanuliwa kwa kutegemea magari madogo, na ule mwendo mrefu katikati ya mashimo huukata mchezo vipandevipande. Hili ni suala la upendeleo, nakubali, lakini mimi sijawahi kuupenda kwa dhati uwanja usiotembeleka.

Kipimo cha mwisho ndicho kigumu zaidi kukieleza, nacho ni shaka njema, yaani ile hali ya kusimama kwenye tii ukiwa na njia mbili au tatu za haki mbele yako na kila moja ina bei yake. Mfano mkuu duniani ni uwanja wa kale wa St Andrews, Scotland, unaojulikana kama Old Course. Fewei zake, yaani njia za nyasi fupi kati ya tii na griini, ni pana kiasi cha kumfanya mgeni ajiulize ugumu uko wapi, lakini una mabunka 112, yaani mitego ya mchanga, mengine yamejificha kabisa usiyaone kutoka kwenye tii, kwa sababu zamani uwanja huo ulichezwa pia kwa kuuzunguka upande wa pili. Griini 7 kati ya zake huhudumia mashimo mawili kila moja, na ukijumlisha namba za mashimo yanayoshiriki griini moja utapata 18 kila mara: la 2 na la 16, la 5 na la 13, na kadhalika. Mpira unaweza kutua juu ya griini sahihi na bado ukabaki na umbali wa kusukuma ambao kwingineko ungehesabiwa kuwa mkwaju kamili wa hewani. Tafuta shaka ya namna hiyo, hata iwe kwa kiwango kidogo, katika uwanja unaouzoea. Pale utakapoikuta, huo ni wa kurudia.

Soma namba mbili za kadi kabla ya kuulaumu uwanja

Watu wengi huuchukia uwanja mzuri kwa sababu waliucheza kutoka kwenye tii isiyowafaa. Tangu mwaka 2020 gofu imekuwa na mfumo mmoja duniani wa handikapu, yaani mikwaju ya ziada anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake, na mfumo huo hukupa namba mbili zinazoandikwa kwenye kadi kwa kila rangi ya tii. Ya kwanza ni kiwango cha uwanja, yaani idadi ya mikwaju ambayo mchezaji mwenye handikapu sifuri anatarajiwa kuitumia. Ya pili ni kiwango cha mteremko, kinachoanzia 55 hadi 155 huku 113 kikiwa ndicho cha wastani, nacho huonyesha ugumu unavyoongezeka kwa mchezaji wa kawaida ukilinganishwa na unavyomgusa mchezaji hodari.

Hesabu yake si ngumu. Chukua handikapu yako, zidisha kwa kiwango cha mteremko, gawanya kwa 113, kisha ongeza tofauti kati ya kiwango cha uwanja na jumla ya mikwaju iliyowekwa kwa uwanja mzima. Tuseme handikapu yako ni 18.4, na tii za nyuma zina mteremko wa 135 na kiwango cha 73.1 katika uwanja wa mikwaju 72: utapata 23. Sogea kwenye tii za mbele zenye mteremko wa 118 na kiwango cha 69.0, nawe utapata 16. Tofauti ya mikwaju saba katika uwanja uleule, siku ileile, ndiyo inayotenganisha matembezi ya raha na adhabu. Iko pia kanuni ya haraka ambayo wachezaji wengi huitumia: zidisha kwa 36 umbali unaopiga kwa kawaida kwa fimbo ya chuma namba 5. Anayepiga yadi 150 hupata 5,400, na huo ndio urefu wa uwanja unaomfaa, hata kama rafiki zake wanamcheka wakielekea tii za nyuma.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu viwanja vya ndoto ndivyo huwaadhibu zaidi wenye kiburi. Katika Bethpage Black, uwanja wa umma katika jimbo la New York, kuna bango maarufu karibu na tii ya kwanza linaloonya kwamba uwanja ni mgumu kupita kiasi na unapendekezwa kwa wachezaji wenye ustadi wa juu tu. Watu hupigwa picha kando yake wakitabasamu, kisha wanaingia.

Orodha ya ndoto iwe fupi, na iandikwe kwa mikwaju

Hapa ndipo ninapoachana na desturi. Usiandike jina la uwanja peke yake. Andika shimo, na ndani ya shimo andika mkwaju. Ukishindwa kuutaja mkwaju mmoja unaotamani kuupiga katika uwanja fulani, basi unachokitamani ni sifa yake, na sifa unaweza kuisoma ukiwa umeketi nyumbani.

Chukua shimo la 7 la Pebble Beach, California, uwanja uliofunguliwa mwaka 1919 juu ya miamba ya Pasifiki. Lina urefu wa takriban yadi 106 tu, linateremka kuelekea baharini, na siku ya utulivu ni mkwaju mwepesi wa weji, fimbo fupi ya kuinua mpira. Upepo ukivuma, wachezaji wa kulipwa huchukua chuma kirefu zaidi na bado hukosa. Siku ya mwisho ya Mashindano ya Wazi ya Marekani ya mwaka 1992, Tom Kite aliikosa griini hiyo, kisha akauinua mpira kutoka nje na ukaingia moja kwa moja shimoni. Akaondoka na ubingwa. Mtu anayeandika katika orodha yake “shimo la 7, upepo usoni” anajua anachokifuata.

Au chukua shimo la 17 la Old Course, linaloitwa Road Hole kwa sababu ya barabara iliyo nyuma ya griini, ambayo ni sehemu halali ya mchezo. Mkwaju wa kwanza hupita juu ya kona ya hoteli. Mkwaju wa pili huelekezwa kwenye griini nyembamba inayolindwa na bunka dogo lenye ukuta mrefu, lile ambalo mwaka 1978 Tommy Nakajima wa Japani, aliyekuwa akiwania ubingwa, aliingia kwa bahati mbaya akitoka kwenye griini yenyewe, na akamaliza shimo kwa mikwaju 9. Ni mikwaju miwili tofauti ya kutamani. Mimi ningechagua wa kwanza, kwa kuwa hakuna pengine ambapo ninaruhusiwa kuelekeza mpira kwenye jengo la watu.

Viwanja vitano au sita vilivyoandikwa kwa namna hii vinatosha. Orodha ya hamsini haina msaada wowote unapofika wakati wa kununua tiketi ya ndege.

Sasa gonga milango

Viwanja maarufu vimegawanyika katika makundi matatu, na wengi hukosea kwa kudhani vyote vimefungwa. Kundi la kwanza lina milango iliyo wazi. Viwanja vya St Andrews ni mali ya umma na huendeshwa na amana. Nafasi nyingi za Old Course hutolewa kwa kura inayopigwa siku mbili kabla ya mchezo, na wachezaji wawili hadi wanne huweza kuomba pamoja wakiwa na uthibitisho wa handikapu. Kosa kubwa ni kuijenga safari nzima juu ya kura hiyo. Jipangie siku kadhaa mjini, omba kila siku, na wakati ukisubiri cheza jirani zake, kwanza kabisa New Course, ambao licha ya jina lake, maana yake uwanja mpya, ulitengenezwa na Old Tom Morris mwaka 1895. Bethpage Black nao uko wazi kwa umma, na wako wanaolala ndani ya magari katika maegesho ili wapate nafasi za asubuhi. Pebble Beach huwapokea watu wote, ingawa ada yake ni kubwa na wanaolala katika hoteli zake hupewa kipaumbele. Bandon Dunes, katika pwani ya Oregon, ulifunguliwa mwaka 1999 kama mahali pa kutembea kwa miguu, na hadi leo magari ya kubebea wachezaji hayatumiki isipokuwa kwa wenye mahitaji ya kiafya. Upande wa pili wa dunia, kaskazini mashariki mwa Tasmania, Barnbougle Dunes umekuwa wazi kwa umma tangu mwaka 2004, na jirani yake Lost Farm una mashimo 20, jambo linalomfaa mtu asiyetaka siku iishe.

Kundi la pili lina milango iliyofunguliwa nusu. Hizi ni klabu za wanachama ambazo hutenga siku au saa kwa wageni. Muirfield huko Scotland, uwanja wa klabu iliyoandika kanuni za kale kabisa za gofu zinazojulikana, zilizokuwa 13 na ambazo ni za mwaka 1744, kwa desturi huwapokea wageni Jumanne na Alhamisi, na anayetaka kula katika jumba lake hana budi kubeba koti na tai. Royal County Down, chini ya milima ya Mourne huko Ireland ya Kaskazini, na Royal Dornoch, kaskazini kabisa mwa Scotland, nazo hupokea wageni kwa mpangilio. Ili ukubaliwe, andika mapema, hata mwaka mzima kabla. Taja klabu yako, handikapu yako, idadi yenu, na tarehe mbili au tatu zinazowafaa badala ya moja. Barua fupi yenye adabu hufanya kazi kuliko watu wanavyodhani. Iwapo utakwenda peke yako, sema hivyo waziwazi, kwa sababu nafasi ya mtu mmoja hupatikana kwa urahisi kuliko ya wanne.

Kundi la tatu limefungwa, na ni vizuri kulikubali hivyo. Augusta National, uliobuniwa na Bobby Jones na Alister MacKenzie katika ardhi iliyokuwa kitalu cha miti, huchezwa na wanachama na wageni wao pekee. Vivyo hivyo Pine Valley huko New Jersey, ambao mwanzilishi wake, George Crump, alifariki mwaka 1918 mashimo manne yakiwa bado hayajakamilika. Na vivyo hivyo Cypress Point huko California, wenye lile shimo la 16 linalovuka bahari. Kumwinda mwanachama kwa ajili ya mwaliko si adabu, na huonekana kutoka mbali.

Hata hivyo zipo njia mbili za kulikaribia kundi hili. Ya kwanza ni kwenda kama mtazamaji. Tiketi za siku za mazoezi za Mashindano ya Masters, yanayochezwa Augusta, hutolewa kwa bahati nasibu inayoombwa katika mwaka unaotangulia, na siku hizo kamera huruhusiwa, ingawa simu haziruhusiwi siku yoyote. Nenda moja kwa moja hadi kona ya mashimo ya 11, 12 na 13, kisha keti. Shimo la 12 lina yadi 155 tu, na kwenye televisheni huonekana kama zawadi. Lakini hapo ndipo Jordan Spieth alipopiga mipira miwili majini mwaka 2016 na kuupoteza uongozi, na hapo ndipo Tiger Woods alipotumia mikwaju 10 mwaka 2020. Halafu panda kilima cha shimo la 18 kwa miguu yako, utashangaa jinsi kamera zinavyoifanya milima ionekane tambarare.

Njia ya pili, ambayo naipenda zaidi, ni kumfuata mbunifu badala ya uwanja. MacKenzie ndiye aliyechora Pasatiempo huko Santa Cruz, California, uliofunguliwa mwaka 1929, na aliupenda kiasi cha kuishi kando ya fewei yake ya 6; watu wasio wanachama huweza kuucheza. Aliufanyia kazi pia uwanja wa Lahinch, Ireland, unaopokea wageni. Anayemwota Donald Ross aende Pinehurst Namba 2, North Carolina, ambao wageni wa hoteli hucheza: griini zake zimeinuka kama mgongo wa kobe, na mpira usiotua katikati huteleza ukaondoka kila upande. Kisha aende Dornoch, alikozaliwa Ross mwaka 1872, akaone griini zilizoinuka ambazo mtoto huyo alikua akizitazama. Safari ya namna hiyo humfundisha mtu mengi kuliko jina moja kubwa lililokatwa kwenye orodha.

Jiandae kwa ardhi, si kwa jina

Viwanja vya pwani vya asili, vilivyo juu ya mchanga kati ya ufuo na mashamba, vina ardhi ngumu inayokausha maji haraka, upepo usiokoma na nyasi fupi zilizokazana. Mkwaju wa juu unaotua na kusimama, ambao ndio wengi wetu tumejifunza, huko hauna kazi kubwa. Kwa wiki sita kabla ya safari, jizoeze kuviringisha mpira chini kwa chuma namba 7 kutoka yadi 30, na kusukuma kwa fimbo ya kusukumia ukiwa nje ya griini kabisa. Jizoeze pia kutoka kwenye bunka kwa kurudi nyuma au pembeni; ni mkwaju wa aibu, lakini huokoa alama. Melbourne, Australia, ambako MacKenzie alifika mwaka 1926 kutoa ushauri, ina ukanda wa mchanga wenye tabia inayofanana: katika Royal Melbourne mabunka yamekatwa hadi ukingoni mwa griini, na pembe unayoingilia ni muhimu kuliko umbali uliopiga.

Kuhusu majira, kumbuka kwamba Dornoch uko karibu na nyuzi 58 kaskazini, kwa hiyo mwezi Juni mtu anaweza kuanza raundi ya pili baada ya chai ya jioni na kuimaliza kukiwa bado kuna mwanga. Na kabla ya kulipa chochote, popote pale, uliza swali ambalo wageni husahau: griini zitatobolewa lini? Kazi ya kutoboa matundu na kumwaga mchanga ni ya lazima kwa afya ya nyasi, lakini kwa siku kadhaa baadaye mpira huruka kama unaviringishwa juu ya kokoto. Ofisi ya uwanja hukujibu kwa uaminifu ukiuliza. Usipouliza, si lazima ikuambie.

Chukua kedi, yaani mbeba fimbo anayeujua uwanja, pale anapopatikana, angalau kwa raundi ya kwanza, na umwambie mapema umbali wako wa kweli badala ya ule wa siku njema. Katika County Down, ambako mikwaju kadhaa hupigwa bila kuona unakoelekea, kedi ndiye macho yako: hukuonyesha jiwe jeupe juu ya kichuguu, nawe hupiga kulielekea ukimwamini.

Kwa wale watakaokwenda St Andrews, acheni Jumapili moja bila mpango. Siku hiyo Old Course hufungwa kwa wachezaji, isipokuwa wakati wa baadhi ya mashindano makubwa, na watu wa mji hutembea juu yake pamoja na mbwa wao. Anzia kwenye griini ya 18 na utembee kinyume, ukivuka daraja dogo la mawe la Swilcan, hadi griini ya 17. Simama ukingoni mwa lile bunka lililommaliza Nakajima bila kuingia ndani, ulinganishe ukuta wake na kimo chako, kisha uamue kama kesho, kura ikikuangukia, utaielekea griini au utapiga fupi upande wa kulia.